Kinachoizunguka Nyota

Mwaka ule televisheni zilipoanza kuonekana madukani, mume wangu alifariki, nikakaa eda nyumbani kwetu Temeke. Mwanangu Mudathir, aliyekuwa akisoma mambo ya nyota chuo kikuu, akarudi akiwa mgonjwa wa kifua. Nikawa namuuguza humo humo ndani, mie na nguo zangu nyeupe, yeye na kikohozi chake.

Siku moja shemeji yangu Kondo alikuja kumjulia hali. Akamtania, "Haya bingwa, huko juu kuna jipya gani?"

Mudathir akajiinua. Akachukua kikombe cha kahawa, akawa anakizungusha kandokando ya jiko la mkaa.

"Baba mdogo, zipo nyota kubwa, za moto mno, hadi miale yake inapeperusha hewa yake yenyewe. Sasa sie tunajiuliza, sayari ikizunguka karibu hivi, haiwezi kuuvuruga ule upepo, mwanga ukawa unayumba na kufifia? Hakuna aliyeiona bado. Ni hesabu tu."

"Kitu kidogo hivyo?"

"Kidogo, lakini kiko karibu."

Kondo akanitazama mimi, wala si kikombe.

Juma lililofuata akaja na vijana wawili.

"Mganga kasema nyota ya mtoto inafifishwa na mtu wa karibu, anayemzungukazunguka. Na mwenyewe alisema, kwa kinywa chake! Shemeji, baba yake umeshamzika. Huyu utatuachia."

"Kondo, muogope Mungu. Uganga na dini wapi na wapi?"

Mudathir alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Baba mdogo, nyota zile hata zikiachwa peke yake haziishi sana. Zinajimaliza zenyewe."

"Mnaona? Kashamfunga mtoto, naye anamtetea."

Wakambeba Mudathir hadi kwa Kondo, Kurasini. Majirani wakaniambia mwenye eda hatoki. Lakini dharura ina hukumu yake, hilo nimelijua tangu madrasa. Nikajitanda, nikatoka.

Kondo hakunifungulia. Nikakaa chini ya dirisha, malori ya bandarini yakipita, moshi wa mafusho ya mganga ukitoka kwenye nondo. Nikasoma Yasini kwa sauti, mwanangu ajue nipo.

"Mama," akaita, "usiache."

Mtu akalifunga dirisha kwa ndani, nisiendelee kuziba nyota. Moshi ukakosa pa kutokea. Nikagonga, nikasoma, nikagonga. Kikohozi kiliendelea mpaka adhana ya alasiri. Muadhini alipomaliza, sikukisikia tena.