Barafu Ikimbeba Wytse

Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, watu wote ni warefu, lakini Wytse alipitiliza. Mvua ikianza, alilowa yeye kwanza ndipo kijiji kikapata habari. Paka wa jirani alizalia ndani ya kiatu chake cha mbao, na nafasi ikabaki. Mwaka mzima walimcheka, isipokuwa siku moja ya majira ya baridi: siku ya kupima barafu ya ziwa. Wytse ndiye aliyekuwa kipimo. Ikimbeba yeye, inambeba kila mtu. Isipombeba, hakuna anayekanyaga.

Tangu vuli alikuwa na siri. Daktari wa mjini Leeuwarden alimwambia kwamba uvimbe kichwani mwake, uleule uliomfanya asiache kurefuka, sasa ulikuwa unabana mishipa ya macho. Pembeni kulishazimika. Aliona mbele tu, kama farasi wa mkokoteni aliyezibwa macho pembeni. Hakumwambia mtu, hata dada yake Baukje. Angesema, wangemnyang'anya siku yake.

Asubuhi hiyo kijiji kizima kilijipanga ukingoni, vyuma vya kutelezea vikiwa vimeshafungwa miguuni.

"We Wytse! Huko juu kumekucha?" Germ muoka mikate aliita.

"Zamani! Upara wako unaniumiza macho."

Watu wakacheka. Baukje hakucheka. "Mdogo wangu, mbona leo unageuzageuza shingo kama bundi?"

"Kola inanibana, dada."

Akashuka. Barafu ikanguruma chini yake kama tumbo la mnyama mwenye njaa. Akatembea hadi katikati. Mbele kote kulikuwa kweupe na kugumu. Akainua mkono.

"Imeshika! Njooni!"

Kwa desturi Baukje ndiye aliyefuata. Alikuja kwa kasi, kichwa ameinamisha kukwepa upepo, akipita kushoto kwa nduguye.

Hapo Wytse akasikia bata. Walikuwa karibu mno, kushoto, mahali ambapo kwake hapakuwa na kitu. Bata hukusanyika penye maji, wakiyavuruga yasigande. Akageuza kichwa chote. Shimo jeusi lilikuwa ubavuni mwake, na Baukje alikuwa analiendea.

"Dada, simama!"

Kwa kasi ile Baukje hakuweza kusimama. Wytse akaunyoosha ule mkono wake mrefu, akamdaka koti, akamtupa nyuma kwenye barafu ngumu. Kishindo hicho kikatosha. Barafu ikapasuka chini ya miguu yake, akazama hadi kwapani, na hata yeye hakugusa chini.

Baukje akatambaa kwa tumbo, akamrushia ncha ya skafu, naye akaishika. "Hukuliona?"

"Pembeni sioni, dada. Tangu vuli."

"Germ! Leteni ngazi! Leteni kamba!"

Ukingoni hakuna aliyesogea. Walitazamana, kisha wakatazama barafu. Haikuwa imembeba Wytse.

Skafu ikakazana. Kidogo kidogo, Baukje naye akaanza kuteleza kuelekea majini.