Gunia la Mama Sufuria

Saa mbili na dakika kumi asubuhi mlango wa ghala la vyuma chakavu ulifunguliwa. Mama mmoja alikuwa keshafika, gunia lake limefungwa kamba mara mbili. Hapo ghalani walimwita Mama Sufuria. Jina lenyewe lilikuwa la wiki tano tu.

Lilianza siku mnunuzi alipokata koili moja, yaani waya uliosokotwa duara, katika shaba aliyoileta mama huyo, akaipiga tupa, akaona weupe ndani. Ilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba juu, kama ile inayozungushwa ndani ya vioo vya kompyuta za zamani, vile vyenye mgongo. Mama hakuwa akijua. Mnunuzi hakutaka kusikia. "Ukinichanganyia tena, usirudi hapa," alisema, na foleni nzima ikacheka, ikambandika jina la sufuria, chombo cha aluminiamu.

Leo shemeji yake, mdogo wa mumewe, alisimama nyuma yake na gunia lililolishinda lake kwa ukubwa mara mbili.

"Shemeji, umeleta na vifuniko?"

"Nimeleta kimoja. Cha kukufunika mdomo."

Watu wakaangua kicheko. Shemeji naye akacheka; hakuwa mtu wa kinyongo, kasoro yake ilikuwa pupa. "Wiki tano unachuna waya mmoja mmoja kama unachambua mchele! Mimi chekundu ni chekundu, natia guniani."

Ni kweli, wiki tano hizo mama alikuwa ameketi sakafuni, ubao mapajani, kisu mkononi, akichuna nyaya za umeme za kompyuta mbovu. Kuzichoma kungemchukua dakika kumi, lakini moto huiacha shaba nyeusi na kuishusha daraja. Koili nazo, kila moja aliikata ncha na kuipiga tupa mara tatu. Mumewe alilalamika kwamba nyumba imegeuka karakana, kisha akaenda kumnunulia tupa mpya.

Mnunuzi alimwaga gunia chini. Vikatoka vifurushi vitatu: nyaya zilizochunwa, zinang'aa kama zimetoka dukani, koili, na kimoja kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Na hiki?"

"Aluminiamu. Imevaa nguo ya shaba. Nimekutengea, usije ukahangaika kuitafuta."

Mnunuzi akakata waya mmoja wa kile kidogo, akapiga tupa. Nyeupe. Akageukia koili, akachomoa tano za chini kabisa, mahali watu wanapoficha mambo yao. Akazikata zote. Nyekundu mpaka ndani. Akapitisha sumaku juu ya nyaya, haikunasa kitu.

"Nyaya daraja la kwanza," alisema, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Koili daraja la pili, safi, hazina mchanganyiko. Nani kakufundisha?"

"Wewe. Siku ile uliponifukuza."

Safari hii hakucheka mtu. Mnunuzi alilitazama gunia la shemeji, akajifanya kufikicha macho, akamnyooshea mama tupa yake.

"Miwani nimeisahau nyumbani. Hebu nipimie hili, fundi."

Alikuwa amesema fundi, na wote walisikia. Mama alichuchumaa, akatoa koili ya kwanza. Kabla hajaikata, mkono ulishamwambia: ilikuwa nyepesi mno kwa ukubwa wake.

"Shemeji," mdogo wa mumewe alinong'ona, "sisi si ndugu?"

"Ndugu kabisa. Ndiyo maana utaona kwa macho yako."

Alikata ncha, akapiga tupa mara tatu. Weupe ukatokea. Mnunuzi akaangalia, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea nje.

"Subiri, bosi," mama alisema. "Atachambua. Hatoki hapa mpaka amalize."

Mnunuzi alifikiri kidogo. "Ukimsimamia wewe, sawa."

Saa tatu kasoro dakika tano, mama alilivuta gunia la shemeji yake pembeni ya mzani, akalimwaga, akamkabidhi tupa. Shemeji akaipokea kwa mikono miwili.