Zabron Anatafuta Tundu

Watu wenye akili zao wakiambiwa gari lao linavuja mafuta hushika kichwa. Zabron yeye alikuwa amelala uvunguni mwa gari lake Jumatatu asubuhi, akimwomba Mungu walau tone moja. Alinusa tanki, akanusa hadi magurudumu, akapitisha kidole kila mahali. Akatoka na grisi puani. Kukavu! Gari lenyewe la mwaka tisini na saba, lilishatumika Japani, likatumika Dar es Salaam, likatumika Tanga, ndipo likapandishwa Lushoto kumalizia uzee. Katika uzee huo lilikuwa limevuja oili, limevuja maji, na kila masika lilivujisha mvua kupitia paani. Petroli tu, aliyokuwa akiihitaji, ndiyo iligoma.

Tuseme ukweli mapema, maana mimi hadithi za kufichana siziwezi. Zabron alikuwa mwongo. Ijumaa iliyopita mkewe, Mwalimu Esteria, alikuwa akirudi kutoka shuleni, gari likamzimikia katikati ya kilima. Mshale wa mafuta ulishakufa siku nyingi, lakini tanki alikuwa amelijaza mwenyewe Jumatatu, na shule haiko mbali. Wanafunzi wake wa darasa la sita walilisukuma huku wakiimba. Jioni akamsimamia mumewe mlangoni, mkoba ungali begani.

"Baba Raheli, mimi nakwenda shule na kurudi. Jioni nakwenda mazoezi ya kwaya kwa miguu, gari nakuachia hapa. Haya, niambie, mafuta yanakwenda wapi?"

"Linavuja," alisema Zabron.

Neno lilimtoka tu, na likishatoka halirudi. Esteria akamtazama kwa jicho lile la kusahihishia daftari. "Basi Jumatatu peleka kwa fundi," akasema. "Nataka kuliona hilo tundu."

Sasa mafuta yalikwenda wapi? Esteria ndiye mwalimu wa kwaya ya usharika wao wa Kilutheri, na Zabron alikuwa mwimbaji wake wa tena, sauti ile ya juu ya wanaume, kwa miaka kumi na minane. Solo ya Krismasi ilikuwa yake kila mwaka. Krismasi iliyopita alipanda mpaka pale juu, sauti ikamkatikia mbele ya usharika mzima, kikatoka kitu ambacho hata jogoo angekionea haya. Watoto walicheka. Mzee mmoja wa kanisa naye alicheka, akajifanya anakohoa. Januari Esteria akampa solo Rubeni, kijana wa benki mwenye shingo ndefu, na Zabron akalisikia hilo mazoezini pamoja na wengine wote, kama mgeni. Alisema koo linamsumbua, atapumzika. Akapumzika wiki mbili. Wiki ya tatu, Esteria alipopinda kona tu kwenda mazoezini, Zabron aliwasha gari akaenda Kifungilo kuimba na Wakatoliki.

Ndiyo, Wakatoliki! Mtoto wa mwinjilisti! Mwalimu wa kwaya ya kule, anaitwa Alen, hakumuuliza dhehebu wala cheti cha ubatizo. Waimbaji wa tena alikuwa nao wawili tu, na mmoja ana pumu. Mara tatu kwa wiki Zabron alikwenda, na mazoezi yakiisha aliwashusha masoprano mmoja mmoja hadi milangoni kwao, kwa upendo wa Kikristo na kwa petroli ya mkewe. Na sasa Alen alikuwa amempa solo, ya jubilei ya padri, Jumamosi ijayo. Esteria akijua, solo imekwisha, na amani ya nyumba imekwisha nayo. Ndiyo sababu mtu mzima wa miaka hamsini na sita alikuwa uvunguni akitafuta tundu.

Akajaza tanki mpaka juu, akalipeleka kwa Amiri. Amiri ni fundi wa miaka ishirini na sita, gereji yake iko chini karibu na soko, mahali tambarare. Lushoto mahali tambarare pakipatikana huwa ni uwanja wa mpira au ni gereji.

"Onga makeo, fundi," Zabron alimwamkia kwa Kisambaa. "Gari linavuja petroli."

"Umeona wapi?"

"Sijaona. Najua tu."

Amiri hakupenda jibu hilo, lakini alilipandisha gari kwa jeki, akaosha uvungu wote kwa sabuni, akaukausha. Kisha akasaga chaki, akapaka unga wake kwenye kila maungio: kwenye pampu, kwenye filta, kwenye mipira ya mafuta kuanzia nyuma hadi kwenye injini. Chaki ikiguswa na petroli haifichi, inalowa papo hapo. Akawasha injini, akamfukuza muuza mitumba aliyekuwa anavuta sigara jirani, akaketi kwenye tairi bovu akasubiri. Saa mbili nzima. Chaki ilibaki nyeupe pe.

"Mzee, hongera," alisema Amiri akijifuta mikono. "Gari lako ni zima."

Sijui kama kuna binadamu aliyewahi kupokea habari njema vibaya vile. Zabron alishika mlango wa gari.

"Tazama tena."

"Nimetazama."

"Amiri, ndugu yangu." Zabron akasogea, akashusha sauti. "Hivi ukichukua bisibisi, ukakigusa kimpira kimoja kidogo tu... kikatoa hata jasho..."

"Astaghafirullah!" Amiri aliruka. "Watu wananiletea matundu niyazibe, wewe unaniambia nitoboe? Petroli hii, mzee! Unataka nimchome mwalimu aliyenifundisha hesabu? Toka, bwana!"

Zabron hakutoka. Alikaa kwenye lile tairi bovu, uso umemshuka, na Amiri, ambaye ana roho nzuri ingawa hapendi watu wajue, akaanza kumwonea huruma. Akazunguka gari mara moja zaidi. Akasimama nyuma yake.

"Kwako unaliegesha vipi?"

"Kama kila mtu. Kichwa juu, mgongo chini. Ua wangu ule unaujua, hata kuku wanasimama upande."

Amiri akakwaruza kidevu. "Twende kwako," akasema.

Walimkuta Esteria ndiyo kwanza amerudi. Amiri akamsalimu, "Shikamoo, mwalimu," akaegesha gari pale pale linapoegeshwa siku zote, pua ikitazama mlimani, akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu, akaingia uvunguni na tochi yake na kopo. Esteria alisimama amekunja mikono. Zabron alisimama mbali kidogo.

"Eeh!" ilisikika sauti kutoka chini. "Mwalimu, njoo uone!"

Kwenye mpira ule mnene unaotoka mdomo wa kujazia mafuta na kuingia kwenye tanki, kwa nyuma, chaki ilikuwa imelowa. Tone likajikusanya, likaanguka kwenye kopo. Likafuata jingine. Harufu ikapanda.

"Mpira umepasuka hapa kwenye kiungo," alisema Amiri akichomoza kichwa, amefurahi mno. "Gereji kwangu ni tambarare, mafuta hayafiki kwenye ufa. Hapa gari limeinua kichwa na tanki limejaa, mafuta yote yanalala nyuma. Usingeonekana kwangu mpaka Kiyama."

Jamani, lilikuwa linavuja kweli! Zabron alipiga kelele ya furaha mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Nilisema! Nilisema au sikusema?" Akarukaruka uani. Uongo wake ulikuwa ukweli tangu mwanzo, na dakika ile alijiona mtu aliyeonewa, mwenye subira, anayestahili kuombwa radhi.

Na akaombwa. "Nisamehe, baba Raheli," alisema Esteria, na sauti yake ilikuwa laini kweli. "Nilishaanza kuwaza mambo mabaya." Akaingia ndani, akaleta chai na maandazi, wakanywa watatu wakisikiliza matone yakigonga kopo.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angefunga mdomo. Lakini Zabron alishanogewa. Andazi la tatu mkononi, akasema, "Fundi, hebu mwambie mwalimu. Mwambie ni mafuta kiasi gani nimekuwa nikipoteza hapa huku nikisingiziwa!"

Amiri aliinama akachungulia. Matone yalikuwa yameacha kuanguka. Akalitoa kopo, akalitikisa, akalipima kwa jicho. Sasa ubaya wa Amiri ni kwamba kwenye kazi hajui kudanganya, hata kwa kumsaidia rafiki.

"Nusu lita," alisema. "Haifiki, lakini tuseme nusu."

"Kwa siku?" aliuliza Esteria.

"Hapana, mwalimu. Kila mkijaza. Mafuta yakishashuka chini ya ufa, yanaacha. Hata likikaa mwaka halitoi tena."

"Na tanki linachukua lita ngapi?"

"Arobaini," alisema Amiri, ndipo akaona uso wa Zabron. Akarudi uvunguni taratibu, akaanza kugongagonga kitu ambacho hakikuhitaji kugongwa.

Esteria aliweka kikombe chini. Mwalimu wa hesabu huyo, hakuhitaji karatasi.

"Anaitwa nani?"

"Si mwanamke, mama Raheli."

"Kumbe wako wengi. Wangapi?"

"Kama thelathini hivi," alisema Zabron, maana alishachanganyikiwa, "ukihesabu na besi."

Kugonga kulikoma uvunguni.

"Ni kwaya," alisema Zabron. "Ya Kifungilo."

"Kwa Wakatoliki?"

"Mimi sipo hapa," ilisema sauti ya Amiri.

Na Esteria akawaka. "Heri ungekuwa na mwanamke, ningejua niende kwa mchungaji niseme nini! Miaka kumi na minane nimekufundisha kupumua, Zabron! Ulikuja kwangu unapumulia mabega. Pumzi hiyo ni yangu, unaipeleka Kifungilo kwa petroli yangu! Wamekupa nini cha maana huko?"

"Solo. Ya jubilei, Jumamosi."

Esteria akasema, "Imba."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Nisikie walichokiokota."

Zabron akasimama wima pale uani, makombo ya andazi kifuani, akaimba. Ulikuwa wimbo ambao hata Walutheri wanauimba, Esteria anaujua herufi kwa herufi. Alianza kwa woga. Ubeti wa pili woga ukaondoka. Mkono wa Esteria ulikuwa unahesabu mapigo pajani bila yeye kuutuma. Ikafika ile sehemu ya juu, Esteria akafumba macho kungoja aibu, na Zabron akapita, sauti imejaa, haina mkwaruzo, akashuka upande wa pili akamaliza.

Uvunguni Amiri alipiga makofi mawili, akakumbuka kwamba hayupo.

"Wameushusha," alisema Esteria.

"Nini?"

"Wimbo. Wamekuanzishia chini."

"Siku ya kwanza nilikwama pale pale," alisema Zabron. "Alen akasema, mzee, tushushe kidogo. Tukashusha. Hakuna aliyecheka."

Esteria alitazama mikono yake. Miaka ishirini na mbili ya kufundisha kwaya, sauti za watu wangapi amezipandisha na kuzishusha, za kina mama wajawazito, za wavulana wanaobalehe, hata ya mchungaji aliyetolewa meno. Kwa Krismasi moja tu, kwa mumewe, hakufikiria.

"Ungeniomba niushushe."

"Wewe?" alisema Zabron, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Wewe huombeki, mama Raheli."

Esteria akakusanya vikombe kimoja kimoja, akainama upande wa gari.

"Amiri, mpira mpya unapatikana lini?"

"Jumatano, inshallah. Nitaagiza Tanga."

"Usichelewe," alisema. "Jumamosi tuna safari ya Kifungilo."