Nyumba ya Kufulia ya Hebsworth

Enid Thwaite, karani wa baraza la kijiji cha Hebsworth, alikuwa mtu wa swali moja: sheria ipi? Baraza hufanya kile tu ambacho bunge la London limeliruhusu, na nje ya hapo hata kikombe cha chai ni kosa. Mwenyekiti aliyepita alinunua shada la maua ya mazishi bila kifungu cha sheria, mkaguzi akamlipisha yeye mwenyewe. Tangu hapo hahudhurii maziko ya mtu.

Januari ile ya 1963 theluji ilifika madirishani. Mzee Wilf Ackroyd, mgane wa miaka themanini na mbili, aliishiwa makaa, akakutwa kitandani na kofia na koti, midomo imekuwa ya buluu.

"Tuwashe jiko ukumbini, wazee washinde humo," alisema mwenyekiti mpya, Cyril Garside, muuza nyama.

"Sheria ipi?"

"Enid, mzee wa watu anaganda."

"Najua. Nimetafuta tangu asubuhi. Kupasha watu joto hakumo."

"Kwani kuna nini humo?"

Enid alifunua kitabu cha sheria kwa hasira. Alimpenda Wilf, na siku hiyo aliichukia kazi yake. "Saa ya mnarani, ruksa. Chumba cha maiti, ruksa."

"Kwa hiyo Wilf akifa tutamtunza."

"Vizuri sana, tena kwa fedha za umma." Akafunua ukurasa mwingine, akaweka kidole kwenye mstari. "Na nyumba ya kufulia nguo. Yenye maji ya moto."

Jumatatu ukumbi ukawa nyumba ya kufulia. Wazee kumi na mmoja waliingia, kila mmoja na soksi moja chafu, maana Enid hakuruhusu mtu akae bure. Soksi zilifuliwa dakika tano. Siku iliyobaki walicheza karata kando ya jiko, na Wilf akaanza tena kuwatania wajane.

Februari mkaguzi wa wilaya, Bwana Pettifer, akaja na mkoba wake. Akawatazama wacheza karata.

"Kufua kumekwisha, Bi Thwaite. Jiko linawaka kwa sheria ipi?"

"Hiyo hiyo. Nguo zikifuliwa lazima zikauke."

Bwana Pettifer aliitazama soksi ya Wilf kwenye kamba, kisha miguu ya Wilf, halafu theluji dirishani. Akatoa kalamu.

"Soksi hukauka kwa muda gani huku kwenu?"

"Mpaka Aprili," alisema Enid.

Akaandika Aprili.