Upande wa Mshonaji

Kabla sijasimulia nilivyoaibika, acha kwanza nijisifu, maana sifa ninazo na hakuna wa kunisaidia kuzibeba. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Kushona sishoni, wanaoshona ndio wateja wangu. Mimi ndiye wanayemkimbilia mshono ukianza kuruka na uzi ukijisokota chini kama nywele zisizochanwa. Kazi niliirithi kwa baba, na karakana ni hii hii aliyoniachia: chumba kimoja, mlango wa bati, meza ya kanyagio yenye doa la mafuta lililotangulia kuzaliwa kwangu. Mtaani wananiita Mama Cherehani. Mafundi wengine wote wa mtaa huu ni wanaume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipita kwa kazi.

Wazo la blogu lilitoka kwa binti wa dada yangu, karani wa ofisi moja hapa mjini. Alinikuta siku hiyo nikimgombeza mteja aliyekaa mwaka mzima bila kufuta vumbi la nyuzi chini ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini.

"Mama mdogo," akasema mteja alipoondoka, "hayo maneno unayowagombezea watu, mbona usiyaandike? Nitakufungulia blogu."

"Blogu ndiyo nini?"

"Ukurasa wako mwenyewe kwenye mtandao. Wewe unaandika, wenye cherehani wanasoma popote walipo."

Nilicheka. Mimi niliishia shule ya msingi. Mara ya mwisho kuandika zaidi ya mistari mitatu ilikuwa kwenye mtihani, na huo mtihani heri tusiuzungumze. Halafu kuna jirani yangu, fundi wa karakana ya pili, tunayemwita Profesa kwa sababu hana jambo asilolijua. Alisikia habari hizo akaja kusimama mlangoni.

"Dada, ukiwafundisha watu kujitengenezea, kesho utamtengenezea nani? Na ukikosea je? Hapa ukikosea anajua mteja mmoja. Huko utachekwa na dunia nzima."

La kwanza halikunitisha. La pili liliniingia, likakaa. Jina langu ndicho kitu pekee nilichonacho ambacho sikurithi. Nimelijenga mwenyewe kwa mikono hii, na nilijua wapo wanaongoja liporomoke. Wiki tatu nikawa napiga chenga, mara nina kazi nyingi, mara macho yananiuma, mpaka yule mtoto akachoka.

"Mficha uchi hazai, mama mdogo."

Nikamuuliza adabu yake kaiacha wapi. Kisha nikamwambia aifungue hiyo blogu.

Makala ya kwanza ilikuwa ya vumbi. Ukurasa mmoja ulinichukua siku nne, nikiandika kwenye simu kwa kidole kimoja, kile kile kilichochomwa na sindano mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wiki ikaisha nikamuuliza binti nimesomwa na wangapi. Wawili, akasema. Mmoja alikuwa yeye, na wa pili alikuwa mimi mwenyewe.

"Basi yaishe," nikasema. "Na hata hivyo nimeishiwa maneno."

"Umeishiwaje, na kila anayeingia mlango huu ni makala? Andika aliyekuja leo."

Hilo lilinisaidia kuliko yote. Nikaweka daftari kando ya kopo la mafuta, kila mteja nikamwandikia mstari mmoja: aliyekuja leo mkanda umelegea, aliyekuja leo kanyagio linalia. Kila Ijumaa nikachagua mmoja nikamwandika vizuri. Miezi miwili baadaye wasomaji walifika mia tatu, na mimi nikawa natembea mtaani kama niliyeujenga. Mtu akinisalimia namwitikia kwa sauti ya mwandishi.

Ndipo nikaandika makala ya sindano.

Sindano ya cherehani ina ubavu mmoja wa mviringo na mmoja bapa. Ukiiweka kinyume, uzi haushiki na sindano inaweza kuvunjika. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: ubavu bapa utazame kushoto. Niliituma Ijumaa asubuhi nikanywa chai yangu kwa raha. Kufika adhuhuri, simu ilikuwa na ujumbe wa mama mmoja anayeshona sare za shule.

"Wewe unayejiita fundi, nimefuata ulivyoandika neno kwa neno. Mshono haushiki hata mmoja na sindano tatu zimevunjika. Nina sare arobaini za kutoa Jumatatu. Kama kazi huijui, waachie wanaoijua."

Chini yake wengine wakadandia. Mmoja akasema na yake imegoma. Mwingine akauliza fundi gani asiyejua mkono wake wa kushoto. Profesa akaja na simu mkononi, akanipa pole. Ilikuwa pole yenye sukari nyingi mno.

Nikampigia binti. "Ifute. Futa yote, nisione hata herufi."

Alikuja saa ya chakula cha mchana, hata chakula chenyewe hakula. "Nikifuta, yule mama atabaki na sare zake na cherehani iliyogoma. Kwanza tujue umekosea wapi."

"Sijakosea! Miaka thelathini natia sindano!"

Nikavuta cherehani iliyokuwa mezani, nikatia sindano mbele yake. "Unaona? Bapa kushoto."

"Hiyo ni kulia, mama mdogo."

"Kushoto."

"Kulia!"

Tukabishana hivyo kama watoto, mpaka nilipoinua kichwa nikamtazama vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, ng'ambo ya meza.

Baba ndiye aliyenifundisha kukaa hapo. Mwenye cherehani akae kitini pake akanyage, maana cherehani imeuzoea mguu wake. Fundi akae mbele yake, atazame na asikilize. Kwa miaka thelathini sikuwahi kukaa upande wa mshonaji hata siku moja. Kushoto kwangu ni kulia kwao. Humu ndani halikudhuru kitu, kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyofanya kazi, si maneno. Lakini yule mama hakuwa na mikono yangu. Alikuwa na maneno yangu tu.

Nilitamani nigeuze neno moja, kushoto liwe kulia, ninyamaze kama si mimi. Nani angejua? Nikamkumbuka baba. Alipokosea kazi hakungoja mteja arudi. Alichukua mkoba wa vifaa akamfuata kwake, akasimama mbele ya majirani akasema, "Nilikosea, nimekuja kurekebisha." Mimi nilikuwa nyuma yake, nikitamani ardhi inimeze, nikijiuliza kwa nini baba yangu anajidhalilisha. Na bado watu walimpelekea cherehani mpaka alipokufa.

"Kaa kando," nikamwambia binti. "Hii naiandika peke yangu."

Nilizunguka meza nikakaa kwenye kiti cha mshonaji. Nikajiona mgeni katika karakana yangu. Kisha nikaandika, na kichwa cha makala kilikuwa neno moja tu: Nilikosea. Nikaeleza kigoda changu kiko wapi na kiti chenu kiko wapi. Nikaandika, "Wewe uliyekaa na kanyagio miguuni, ubavu bapa utazame kulia kwako. Mama wa sare, sindano tatu zilizovunjika ni kosa langu, si lako. Geuza ya nne." Nikaituma kabla moyo haujanigeuka.

Jumamosi yote wengine waliandika, mmoja akasema kosa moja haliachi mke, lakini mama wa sare hakuandika neno. Nilifungua simu mara ngapi sijui. Sikuwa tena nawaza jina langu. Nilikuwa nawaza watoto arobaini wakienda shule na sare za zamani.

Jumapili jioni akajibu.

"Mama Cherehani, nimegeuza. Inashona. Sare thelathini na tano tayari, tano zilizobaki namaliza leo. Miaka yote cherehani hii nimekuwa nikiibeba kichwani mpaka kwa fundi, nusu siku njiani. Leo nimeitengeneza mwenyewe, wanangu wananitazama. Tafadhali usiache kuandika."

Nililia, na sioni haya kusema. Nimetengeneza cherehani nisizoweza kuzihesabu, lakini ile ndiyo ya kwanza niliyoitengeneza bila kuigusa. Nilitamani baba angekuwepo nimsomee.

Jumatatu, mlango haujafunguka vizuri, Profesa akaingia. Kwapani alikuwa na cherehani iliyofunikwa kwa kitambaa kama mgonjwa.

"Ya mteja mmoja msumbufu," akasema. "Mshono unaruka. Nimejaribu yote. Sasa, kuna mahali nimesoma kuhusu kuisikiliza kwanza..."

"Mahali gani?"

"Mahali tu, dada."

"Mahali tu pazuri hapo," nikasema. "Makala ya ngapi?"

Akakohoa. "Ya sita. Ila ya tano ndiyo nzuri zaidi."

Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Akaweka cherehani mezani, na kwa mazoea ya mafundi wote akaelekea kwenye kigoda.

"Hapana, Profesa. Leo kaa huku, upande wa mshonaji. Ukanyage, tuisikilize wote."

Alisita, akakitazama kile kiti cha mteja, kisha akakaa na kuweka mguu kwenye kanyagio. Nikavuta daftari kando ya kopo la mafuta, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika: Aliyekuja leo ni fundi.