Muda wa Sufuria Moja ya Wali

Kila jioni Voahirana akishabandika wali, huketi dirishani na kisanduku chake cha rangi za maji, akachora mpaka ukoko uanze kunukia. Watu wa mitaa ya juu ya Antananarivo hupima hivyo mambo mengi: kutoka sokoni hadi kanisani ni nusu sufuria, mahubiri ya mchungaji ni sufuria mbili. Kwake yeye, sufuria moja ilitosha picha moja. Alianza mwaka ule mdogo wake, Lalao, alipoolewa Toamasina na nyumba ikabaki na mlio wa saa ya ukutani. Alichora vilivyokuwepo: ndoo, kandambili zilizoanikwa, bata wa jirani wakishuka ngazi za mawe. Mchana alishona kola za mashati kiwandani, na kola hazikuwa na maongezi.

Mvua zilipokwisha alimchora mzee Ratsimba, muuza karanga wa pale kwenye ngazi. Mzee alikuwa amepauka. Yalianza masikio, ikafuata mikono, kisha uso, mpaka matofali ya ukuta yakawa yanaonekana nyuma ya paji lake. Hakuna aliyeuliza. Ilijulikana kwamba mtu asiyetazamwa hupauka, na wateja wa Ratsimba walikuwa wakitazama karanga.

Jioni hiyo Voahirana alikosea chombo. Badala ya kuchovya brashi kwenye maji safi, aliichovya kwenye kikombe cha maji ya ukoko, yale ya rangi ya dhahabu yanayochemshwa juu ya ukoko wa wali, ambayo kila nyumba pale huyanywa baada ya kula. Uso wa mzee ukatoka na wekundu mzuri wa udongo. Akauacha hivyo hivyo.

Asubuhi Ratsimba alibisha hodi. Rangi ilikuwa imemrudia, isipokuwa sehemu moja.

"Dada Voa, umenisahau sikio la kushoto."

"Ulikuwa umeinama, mzee. Halikuonekana."

"Sasa nimeinuka. Wataniita Sikio Moja hapa, na nani atanunua karanga za Sikio Moja?"

Alimketisha, akabandika wali, akalichora sikio. Walikula pamoja kwa mboga za majani. Ratsimba alisema chumvi imepungua, akashukuru, akaenda zake. Siku nyingi hakurudi, kwa sababu hakuwa na shida tena.

Wengine walikuja. Alikuja Bodo, mtumishi wa nyumba ya daktari.

"Nimepauka mpaka mama mwenye nyumba ananikalia," alisema.

"Anakukalia vipi?"

"Kwenye kochi. Nimekaa nakunja nguo, naye anakuja, anashuka juu yangu kama mfuko wa mchele. Na hasemi hata pole."

"Mzito?"

"Dada, usiulize."

Wakacheka wote wawili, na kwa muda wa sufuria moja Voahirana akamtazama Bodo: kovu la kidevuni, nywele zilizosukwa kwa haraka, namna alivyoficha vidole vyake vilivyochubuka kwa sabuni. Bodo aliondoka na rangi kama ya chungu kipya.

Siku hiyo maji yalikuwa safi, na picha ilifanya kazi ileile. Voahirana akaelewa kwamba ukoko haukuhusika. Kilichowarudisha watu ni kutazamwa. Aliwaeleza, lakini habari ya mzee Ratsimba ilikuwa imekwisha kuenea, na watu waliona heri dawa inayopatikana jikoni. Wakawa wanapakana maji ya ukoko usoni, wanawaogeshea watoto, wengine wanachanganya na asali. Yasipofanya kazi, walipanda kwa Voahirana wakiwa na utando wa ukoko uliokaukia mashavuni, naye aliwafuta kwanza.

Ilikuwa Julai alipoona kwamba vidole vyake mwenyewe vinaonyesha uzi wa kola anayoishona. Alijichora kwa kioo jioni nyingi, haikusaidia. Mpauko ukapanda mpaka kwenye viwiko. Akamwita Ratsimba.

"Mzee, nitazame. Sufuria moja tu."

"Mimi sijui kuchora, dada."

"Usichore. Tazama."

Ratsimba alikaa. Alitazama sufuria, akatazama bata, akasimulia namna sikio lake la kushoto linavyosikia vizuri kuliko la kulia siku hizi. Maji hayajachemka akasimama. "Kunywa maji ya ukoko," alimshauri kwa upole. "Mimi ndiyo yaliyoniponya."

Akabaki na tumaini moja, Lalao. Mwezi wa Septemba familia ilikuwa inafungua kaburi la baba yao, kama ilivyo desturi ya huko, ili kumfunga sanda mpya, na Lalao hangekosa.

Alikuja na kamba wadogo waliokaushwa na mume mwenye haraka. Kaburini baba alitolewa, akapakatwa na wanawe kwa zamu, huku filimbi na ngoma zikipigwa. Watu walimwinamia, wakampapasa, wakamweleza bei ya mchele. Alipofika mapajani mwa Voahirana, alisema ndani ya sanda, "Umepauka, mwanangu."

"Ndiyo, baba."

"Nani anakutazama?"

Kabla hajajibu shangazi alimpokonya, maana foleni ilikuwa ndefu na kila mtu alikuwa na haki yake. Baba alirudishwa kaburini akiwa na rangi nzuri kuliko binti yake.

Jioni Voahirana alibandika wali. Alimvutia Lalao kiti karibu na mwanga.

"Lalao, kabla hamjaondoka. Nitazame mpaka wali uive."

"Wewe nawe! Kwani sikujui?" Lalao alicheka, akamshika mkono. Aliugeuza, akaona pete ya mama yao, akaitazama vizuri. "Bado unayo. Mimi nilidhani iliuzwa." Kisha simu ikalia. Alizungumza huku akikagua dari, akisema kwamba zile mbao lazima zibadilishwe, kwamba dada yake hajambo, yupo hapa hapa, kapungua kidogo tu. Mumewe akapiga honi barabarani. Wali ulikuwa haujakauka maji.

"Dada, nimekuachia chupa ya chai kubwa imejaa maji ya ukoko," Lalao alisema mlangoni, akiikumbatia hewa palipokuwa na mabega. "Nimepika mwenyewe. Unywe yote, umesikia? Tunakupenda."

"Nimesikia."

Kidole chenye pete kilibaki na rangi. Kwingine kote mpauko ulimaliza kazi yake kabla mijakaranda haijachanua. Kiwandani msimamizi alikuta kola zimeshonwa sawasawa, akaridhika. Majirani walijua kwamba Voahirana yupo, wakawa wanasalimia kiti chake wakipita.

Na waliopauka waliendelea kuja. Jumamosi moja alipanda mwalimu mstaafu, kofia mkononi, mbavu zake zikionyesha mwanga wa mlango. Akatazama chumba chote.

"Hodi? Hakuna mtu?"

"Nipo. Keti hapo kwenye mwanga, mwalimu."

Akaketi, akakunja mikono. Brashi ikainuka.

"Nitazame wapi?" akauliza.

Brashi ikasimama juu ya karatasi.

"Popote utakapo," alisema.

Mwalimu akageuza uso dirishani, akawa anawatazama bata.