Maneno Kumi ya Mwalimu Mbonile

Uonevu huu lazima uandikwe. Kwa kosa dogo tu la kumfungia nguruwe wa shule ofisini mwake, Mwalimu Mbonile alinifungia kwa kufuli katika stoo ya majembe mpaka nitaje maneno kumi ya Kiingereza yenye maana ya kufungia. Ilikuwa siku ya kwenda likizo, na lori la kutupeleka kwetu Mtowisa lilikwisha kuwashwa.

“Confine, imprison, cage, coop, impound...” Nilifika kumi kwa jasho.

“Vizuri. Ngoja nifungue.” Nikamsikia akipapasa mifuko. “Ufunguo uko ofisini.”

“Mwalimu, yule nguruwe hamsikii mtu ila mimi ninayemlisha.”

Alivunja kufuli kwa jiwe. Lori lilikuwa limekwenda, na bila haya akaniamuru nikamtoe nguruwe! Nilimtoa. Sote wawili tulikuwa tumeonewa.